Valizi ya Kwenda Bangboka

Ukiingia duka la valizi karibu na soko kuu la Makiso, hapa Kisangani, rangi iache kwanza. Ipindue valizi, tazama magurudumu. Yale manne madogo yanayozunguka kila upande yanafaa sakafu laini ya uwanja wa ndege wa Dubai. Hapa, kutoka mjini hadi uwanja wa ndege wa Bangboka ni kilomita zipatazo 17, na mzigo huenda ukapanda baiskeli ya toleka au pikipiki, ukashushwa kwenye changarawe. Mimi hutaka magurudumu mawili makubwa, yaliyozama nusu ndani ya valizi, yaliyokazwa kwa skrubu. Gurudumu likifungwa kwa ribiti, siku ya kuvunjika fundi hana pa kushika.

Kisha fungua bitana. Valizi nzuri ina zipu inayofungua bitana yote, ukaona skrubu za mpini na za mishikio. Mshikio wa ubavuni ndio mwenye pikipiki atakaoukamata, kwa hiyo uwe na bamba nyuma yake. Ukishonwa kwenye kitambaa peke yake utang'oka.

Kinachoharibu valizi nyingi Kisangani ni unyevu. Tuko jirani na ikweta, na mvua hainyimi mwezi hata mmoja. Ngozi bandia iliyopakwa poliyurithani huharibika hata ikiwa imetulia juu ya kabati: unyevu wa hewa huivunja polepole, uso unaanza kunata, halafu unabanduka magamba. Baadhi ya magurudumu laini humong'onyoka vivyo hivyo. Inauma kuona mtu akilipa fedha nyingi kwa mng'ao ambao hautamaliza misimu michache. Nailoni nzito iliyofumwa kwa kubana, au polikabonati, vinastahimili zaidi. Polikabonati bonyeza katikati kwa dole gumba: ibonyee, kisha irudi. Plastiki ya ABS ni rahisi kwa bei, lakini ni ngumu zaidi na hupasuka mapema pembeni.

Zipu ifunge kwa mkono mmoja, ukipita kwenye kona zote. Ikisita valizi ikiwa tupu, itafumuka ikijaa. Herufi YKK ni za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa 1934, ila huigwa sana, basi uamini mkono wako kuliko maandishi. Ujue pia kwamba zipu ya msokoto hufumuliwa kwa ncha ya kalamu hata ikiwa na kufuli, na huweza kufungwa tena bila kuacha alama. Mwenye kubeba vitu vya thamani atafute valizi ya komeo.

Uzito upime dukani. Ukiruhusiwa kilo 23, valizi ya kilo 5 imeshakula zaidi ya sehemu ya tano, na hapo bado samaki wakavu, viwavi na dumu la mawese la shangazi wa Kinshasa.

Kuhusu maduka ya viwanja vya ndege nina machache. Betri ya kuchajia simu isizidi saa-wati 100, na ibaki mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini. Manukato yasiyotozwa ushuru yaachwe ndani ya mfuko wake uliofungwa, pamoja na risiti, maadamu bado unabadilisha ndege. Ukifika uwanja wa N'djili, Kinshasa, na kuchukua mzigo ili uendelee na ndege ya ndani, chupa zihamishie kwenye valizi, katikati ya nguo, kabla ya kuipeleka kwenye mizani.