Aina na Upatanisho: Uhakiki wa Sura ya Tatu ya Programming in Haskell

Kitabu cha Graham Hutton kiitwacho Programming in Haskell, kilichotolewa na Cambridge University Press mwaka 2007 na kupigwa chapa ya pili mwaka 2016, kimejipatia sifa kwa ufupi na usafi wa maelezo yake. Sura ya tatu, ihusuyo aina za thamani, yastahili kutazamwa na wanachuo wa lugha pia, maana jambo lielezwalo humo lina ndugu yake katika sarufi ya Kiswahili.

Mwandishi huanza na aina za msingi: Bool, yenye thamani mbili tu, kweli na uongo, Char, yaani herufi moja, String, mfuatano wa herufi, Int, namba kamili zenye mpaka, Integer, namba kamili zisizo na mpaka, kisha Float na Double, za namba zenye nukta. Ndipo aelezapo kwamba aina ya kila usemi hutambuliwa kabla usemi wenyewe haujakokotolewa, hata kama mtunga programu hakuitaja. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kitendakazi kipokeacho A na kutoa B, kikipewa kitu cha aina A, jibu lake ni la aina B. Misingi ya utambuzi huo imo katika kazi za Hindley ya mwaka 1969 na Milner ya mwaka 1978.

Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo. Asikiapo "kimevunjika" huijua ngeli ya jina lisilotajwa. Na asikiapo "kiboko amekufa" hujua kwamba umbo la jina pekee halitoshi, bali hutazamwa upatanisho. Vivyo hivyo tarakimu 3 katika Haskell yaweza kuwa Int au Double, na matumizi ndiyo yaibainishayo.

Kasoro ya sura hii ni ndogo kwa maneno, lakini ni kubwa kwa mwanafunzi. Tamko la aina liandikwalo juu ya kitendakazi limeelezwa kuwa ni kumbukumbu yenye manufaa, ambayo hulinganishwa na aina iliyotambuliwa na mashine. Ni kweli, ila haitoshi. Upatanisho uvunjikapo huonyesha kwamba maneno mawili yanagombana, hauonyeshi lililokosa. Asemaye "vitabu kimepotea" amekosea, lakini msikilizaji hawezi kujua kama kilichopotea ni kitabu kimoja au ni vitabu vingi. Nia ya msemaji ndiyo imalizayo shauri.

Hebu utazamwe mfano wa kutafuta wastani. Mwanafunzi huandika: wastani xs = sum xs / length xs. Hapa sum hujumlisha, na length huhesabu na kutoa Int. Lakini alama ya kugawanya hutaka namba ziwezazo kuwa na sehemu. Pasipo tamko, GHC, programu ifasiriyo Haskell, hulalamikia alama ya kugawanya, na mwanafunzi huanza kurekebisha mahali pasipo na kosa. Akitangulia kuandika wastani :: [Double] -> Double, lawama huhamia kwenye length xs, ambapo ndipo penye kosa hasa. Mashine haikuongezewa akili. Imeelezwa nia tu.

Wapo watakaosema kwamba kumlazimisha mwanafunzi kuandika aina ni kumchosha kwa kazi iwezayo kufanywa na mashine. Kwa usemi mfupi hoja hiyo ina haki. Lakini mashine hutambua kilichoandikwa, wala haitambui kilichokusudiwa. Na tofauti ya hayo mawili ndiyo asili ya makosa mengi.

Sura hii basi ni ya kusifiwa, na mwalimu anaweza kuitegemea. Ila aifundishapo, yampasa aongeze somo moja: tamko la aina si pambo la programu, ni ushahidi wa mtunzi juu ya nia yake mwenyewe.