Wimbo wa Mfungwa na Benchi la Kwaya

Msafiri avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hulakiwa na jengo la mawe ufukweni, nalo huitwa Gereza. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512; sehemu kubwa ya kuta zionekanazo leo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Asili ya neno lenyewe hutajwa kuwa Kireno, igreja, yaani kanisa. Sisi tunaohudumu katika pwani ya Lindi tumelirithi neno hilo bila kulitafakari. Nililikumbuka nilipokuwa nikisikiliza nyimbo za wafungwa wa Zomba, nchini Malawi, ambazo nakusudia kuzipima hapa.

Msomaji asidhani kwamba Zomba ni mbali nasi. Katika karne ya 19 mateka kutoka nchi za Ziwa Nyasa waliletwa kwa miguu, wakiwa wamefungwa, hadi Kilwa Kivinje ili wauzwe. Mwaka 2013 Mmarekani Ian Brennan aliingia katika gereza la Zomba na vyombo vya kurekodia, na mwaka 2015 ikatoka albamu iitwayo I Have No Everything Here. Gereza hilo lilijengwa kwa watu wachache, mia kadhaa tu, nalo lilikuwa na zaidi ya 2,000. Albamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2016, ikashindwa na ile ya Angélique Kidjo. Sehemu ya fedha ilielekezwa katika msaada wa kisheria kwa wafungwa.

Ubora wa albamu hii hauko katika ufundi. Nyimbo nyingi ni fupi mno, nyingine hukatika kabla msikilizaji hajatulia. Wanaume walikuwa na bendi na magitaa. Wanawake hawakuwa na ala, na mwanzoni walisema kwamba wao si watunzi. Kisha mmoja akasimama, akafuatwa na mwingine, na sauti zao tupu ndizo zilizo bora kuliko yote. Katika orodha ya waimbaji wamo pia askari magereza. Hapo mlinzi na mlindwa wamesimama katika toba moja, jambo ambalo mahubiri yetu juu ya mtu aliye mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uleule hulitaja mara nyingi kuliko yanavyolionyesha.

Ninayo manung'uniko pia. Nyimbo zimeimbwa kwa sehemu kubwa katika Kichewa, lakini zimepewa majina ya Kiingereza, na jina la albamu ni Kiingereza kilichovunjika ambacho masikio ya ugenini yanaweza kukifurahia kwa sababu zisizo njema. Tena, uteuzi wa tuzo haukumfungulia mwimbaji lango. Hata hivyo Brennan alitenda jambo moja ambalo sisi hatujalitenda: alinyamaza, akasikiliza.

Kwa maana desturi yetu ni ipi? Wakati wa Krismasi tunakwenda gerezani na kwaya iliyovaa sare, na kinanda, na katoni za sabuni. Mwaka mmoja niliongoza safari ya namna hiyo katika gereza moja la pwani hii. Tuliimba nyimbo tisa. Mfungwa mmoja akamwomba askari ruhusa ili wao nao waimbe wimbo mmoja walioutunga. Askari alikuwa tayari. Mimi nilisema kwamba gari linasubiri.

Tunapenda kuisoma Matendo 16 katika ziara hizo, lakini twaisoma vibaya. Paulo na Sila hawakuwa kwaya ya wageni. Walikuwa wafungwa, wenye majeraha mgongoni, miguu katika mkatale, na waliowasikiliza walikuwa wafungwa wenzao. Luther aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia; naye Howard Olson, alipokuwa Makumira, alikusanya tenzi zenye sauti za Kiafrika katika Tumshangilie Mungu ya mwaka 1968. Kazi hiyo isingewezekana bila kusikiliza kwanza. Kwa nini usikivu huo ukomee kwenye ukuta wa gereza?

Yule mfungwa alimaliza kifungo chake, akaja katika usharika mmoja ambao sitautaja, akaomba kuingia kwaya. Wazee wakaamua angoje hadi arudishwe kundini. Naheshimu nidhamu ya Kanisa, maana lengo lake ni kurudisha. Lakini ndugu huyu alikuwa ameungama gerezani, akaondolewa dhambi na kupokea Meza ya Bwana kwa mkono wa mchungaji wa Kanisa letu. Serikali imemaliza adhabu yake, Kristo amemsamehe. Basi benchi la kwaya linadai deni gani? Alikaa nyuma majuma kadhaa, kisha hakuonekana tena.

Wazee walinijibu kwa mfano wa Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kosa la kubaka watoto, wakaachiliwa kwa msamaha wa Rais tarehe 9 Desemba 2017. Umati ulishangilia, nao watoto je? Swali hilo ni la haki, wala haliondolewi na hoja kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliona kasoro katika namna kesi yao ilivyoendeshwa. Sauti nzuri si toba, na msamaha haumpi mtu uongozi wa kwaya ya watoto. Lakini ndugu yetu alifungwa kwa wizi wa korosho, na aliomba nafasi katika safu ya besi.

Kabla hajatoweka alimwachia mwinjilisti daftari la shule lenye nyimbo nne alizotunga gerezani. Sasa liko kabatini mwangu. Wimbo wa pili, nusu yake umeandikwa kwa Kimwera, nao ndio ule uliozuiwa na gari langu.