Chokaa, Tone kwa Tone: Matumbawe Magumu Yanavyofugwa Sebuleni

Chukua tangi la kioo la lita 300 lililojaa matumbawe magumu ya jamii ya Acropora, yale yenye matawi. Likiwa limekomaa na linakwenda vizuri, matumbawe yake huweza kuvuta majini madini ya kujenga gramu 5 na ushei za jiwe kila siku. Kwa mwaka ni karibu kilo 2. Baharini hesabu hiyo haimsumbui mtu, kwa kuwa maji huja na kuondoka na kila kujaa na kupwa. Sebuleni maji ni yale yale. Madini yakishageuka jiwe, hakuna mkondo wa kuyarudisha, na mfugaji ndiye anayebaki na kazi ya bahari: arudishe kilichochukuliwa, kwa kiasi kile kile na kwa mwendo ule ule.

Kwa miaka mingi kazi hiyo iliwashinda watu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza njia yake katika jarida la Kimarekani, Tropical Fish Hobbyist. Tangi lake lilikuwa na mawe yaliyotolewa mwambani pamoja na viumbe wake, maji ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, basi. Mawe hayo yalifanya kazi ya chujio. Bakteria wanaoishi juu ya jiwe hugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wale wa ndani ya vitundu, kusikofika oksijeni, huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikatoka majini. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, na hadi leo matangi mengi ya matumbawe yanasimama juu ya wazo hilo. Lakini Jakarta iko ufukweni. Mtu wa Berlin au Zurich hana bahari ya kuchotea ndoo, na kwake jiwe hai peke yake halikutosha kuyakuza matumbawe magumu. Yale laini yalivumilia. Magumu yalisimama bila kukua, kisha yakafa.

Ufumbuzi ulitoka kwa wafugaji wanaozungumza Kijerumani, katika miaka ya 1970 na 1980. Peter Wilkens alieneza matumizi ya maji ya chokaa. Wenzake wa Berlin waliyaunganisha na mawe hai, taa kali, na mtambo wa povu, ule unaosukuma vipovu vidogo sana kwenye mrija wa maji ya chumvi ili uchafu wa protini ung'ang'anie povu na kupanda hadi kikombe cha juu. Anayemwaga kikombe hicho kwa mara ya kwanza hashawishiwi tena kuhusu faida yake: ni kimiminiko cha kahawia kinachonuka, na siku iliyopita kilikuwa ndani ya maji yaliyoonekana safi kabisa. Mpango huo mzima ukaitwa mbinu ya Berlin. Hata hivyo, katika vyote vinne, chokaa ndiyo iliyofungua mlango kwa matumbawe magumu, na ndiyo inayostahili kuchambuliwa kwa karibu.

Chokaa hiyo si ngeni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kuta za Kilwa Kisiwani, Gedi na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikashikamanishwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yenyewe. Mawe yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka kabonati ikaachia hewa ukaa. Yalipopata maji yakawa unga mweupe ambao kemia huuita haidroksidi ya kalsiamu. Unga ambao mfugaji huutia majini ni kitu kile kile, ila umesafishwa kiwandani, na usafi huo ni lazima kwa kuwa shaba kidogo tu huua viumbe wa tangi wasio na uti wa mgongo. Matumbawe hai hayana haja ya kuguswa hata kidogo. Hili linapaswa kusemwa wazi, kwa sababu huko Mafia na Mtwara miamba hai imeng'olewa na kutiwa kwenye matanuri ya chokaa, na mwamba uliong'olewa haurudi kwa umri wa mtu mmoja.

Inavyofanya kazi ni hivi. Lita moja ya maji safi huyeyusha takriban gramu 1.7 za chokaa, na maji hayo hufika pH ya 12.4, makali ya kuchoma ngozi. Yakidondoka tangini, haidroksidi hukutana na hewa ukaa iliyomo majini na kuwa bikabonati. Kwa tendo moja tangi hupata kalsiamu na bikabonati, vitu viwili vinavyojenga mifupa ya matumbawe, tena kwa uwiano ule ule ambao matumbawe huvitumia. Hakuna chumvi nyingine inayobaki nyuma na kujilimbikiza. Dawa nyingi za maduka ya samaki haziwezi kusema hivyo.

Hapa ndipo wanaoanza hupotea njia. Wakisikia matumbawe yanakula kalsiamu, wananunua kipimo cha kalsiamu na kukitazama kila siku. Kipimo hicho hakiwaambii kitu kwa wakati. Maji ya bahari yana kama miligramu 420 za kalsiamu kwa lita, akiba kubwa sana. Kinachopungua mbio ni ualkali, yaani ule uwezo wa maji kubeba kabonati, ambao wafugaji huupima kwa digrii za Kijerumani; baharini ni kama digrii 7. Kila miligramu 20 za kalsiamu zinazogeuka jiwe huondoka na digrii 2.8 za ualkali. Kwa hiyo kalsiamu ikishuka kutoka 420 hadi 400, tofauti ambayo vipimo vingi vya nyumbani huikamata kwa shida, ualkali umeshaporomoka kutoka 8 hadi karibu 5, na matumbawe yamo taabuni. Mwenye kupima kalsiamu peke yake anapata habari baada ya maafa.

Upimaji wenyewe ni wa dakika chache. Mililita 5 za maji ya tangi huwekwa kwenye kichupa, matone ya rangi yakaongezwa, kisha asidi ikadondoshwa tone moja moja kutoka kwenye bomba la sindano huku kichupa kikitikiswa. Kwa muda hakuna kinachoonekana. Halafu tone moja linaanza kuacha wingu la rangi nyingine linalopotea likitikiswa, na linalofuata hubadilisha kichupa chote. Idadi ya matone, au mstari kwenye sindano, ndiyo jibu.

Saa ya kupima ina uzito wake. Mwaka 1959 Thomas Goreau, akifanya utafiti Jamaica kwa kutumia kalsiamu yenye mnururisho, alionyesha kwamba matumbawe hujenga mifupa haraka zaidi kwenye mwanga kuliko gizani, kwa msaada wa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake. Ina maana ualkali hushuka zaidi mchana kuliko usiku. Anayepima Jumatatu asubuhi na Jumatano jioni analinganisha vitu viwili visivyolingana, kisha anaongeza dawa kwa sababu ya tofauti iliyoletwa na saa.

Turudi kwenye tangi la lita 300. Tuseme ualkali wake unashuka digrii 1 kwa siku. Kuurudisha kunahitaji kama lita 2 na nusu za maji ya chokaa yaliyokolea. Tangi la ukubwa huo, likiwa wazi juu na lina taa kali, linaweza kupoteza lita 3 kwa mvuke kila siku, na kwa kuwa chumvi haivuki, lazima lijazwe kwa maji yasiyo na chumvi. Wajerumani waliunganisha kazi hizo mbili: maji ya kujazia ndiyo yanayobeba chokaa. Hesabu inakubali, na ziada ni ndogo. Matumbawe yakikua mpaka yanywe digrii 2 kwa siku, tangi litahitaji lita 5 za maji ya chokaa wakati mvuke ni lita 3 tu. Mbinu imefika ukomo, na hakuna ujanja wa kuupita kwa chokaa peke yake isipokuwa kuongeza mvuke kwa feni.

Kudondosha kwenyewe hufanywa zaidi usiku, wakati taa zimezimwa, viumbe wote wanatoa hewa ukaa, na pH ya tangi iko chini. Tone linatoka kwenye mrija mwembamba na kuangukia mahali penye mkondo mkali ili lisambae. Chombo cha chokaa hufunikwa, maana hewa ya chumbani ikigusa maji hayo hutengeneza ukoko mweupe juu, na ukoko huo ni chokaa iliyopotea. Ajali inayoogopwa zaidi ni swichi ya chelezo kukwama. Lita kadhaa zinaingia kwa saa moja, pH inaruka, na kabonati inajitenga hapo hapo: maji yanakuwa meupe, glasi inapata utando, pampu zinakwama. Ndiyo maana wazoefu hawaweki kwenye pipa maji ya chokaa mengi kuliko tangi linavyoweza kuhimili yakiingia yote kwa mkupuo. Magnesiamu nayo iangaliwe, isipungue sana chini ya miligramu 1,300 kwa lita, kwa sababu ndiyo inayozuia kabonati isijitenge ovyo.

Waliofika ukomo wa mvuke wana njia mbili. Moja ni mtungi uliojazwa changarawe ya matumbawe ya zamani, ukapulizwa hewa ukaa mpaka pH ishuke hadi karibu 6.5 na changarawe iyeyuke polepole. Nyingine ni chupa mbili, moja ya kloraidi ya kalsiamu na nyingine ya magadi soda yaliyosafishwa. Magadi ghafi ya sokoni hayafai kabisa, maana yana floraidi na udongo. Njia ya chupa mbili ndiyo waliyoitumia wanasayansi pia. Kwenye bahari ya kutengenezwa ya Biosphere 2 huko Arizona, yenye zaidi ya lita milioni 2.6, Chris Langdon na wenzake walibadilisha kemia ya maji kwa chumvi za namna hiyo, na mwaka 2000 walichapisha matokeo: kabonati ikipungua, ujenzi wa mwamba hupungua nao. Matokeo hayo yanazihusu moja kwa moja bahari zinazomeza hewa ukaa ya viwanda na magari.

Majaribio ya nyumbani yamefundisha mambo ambayo mbinu ya Berlin haikuyatarajia. Kizazi cha kwanza kilitafuta maji yasiyo na naitreti wala fosfeti hata kidogo. Walipofanikiwa, wengi waliona matumbawe yakipauka, na utando wa kahawia wa viumbe aina ya dinoflajeleti ukitanda mchangani. Waligundua pia kwamba ualkali wa zaidi ya digrii 10 katika maji yaliyokosa virutubisho hivyo huunguza ncha za Acropora. Leo wengi huacha makusudi miligramu chache za naitreti kwa lita.

Jaribio linalotegemeka linahitaji matumbawe ya ukoo mmoja. Dietrich Stüber wa Berlin aligawa vipande vya Acropora yake kwa wafugaji wengine, nao wakagawa, hadi tumbawe hilo likajulikana kwa jina lake. Ni kiumbe kimoja katika nyumba nyingi. Tangi moja likianguka, mengine yanalo. Utaratibu wa kukata tawi, kulipachika na kulingoja likue ndio unaotumika pia kwenye vitalu vya matumbawe vya Wasini, pwani ya kusini ya Kenya. Na kwa kuwa matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe pori, kipande kilichokatwa sebuleni kinapunguza haja ya kulitoa tumbawe jingine baharini.

Anayetaka kujua kama chokaa inasaidia kweli hukata vipande vinne kutoka tawi moja, akavigawa kwenye matangi mawili yenye taa na joto sawa, moja likipata chokaa na jingine lisipate. Kupima urefu kwa rula hudanganya, kwani tawi huweza kunenepa bila kurefuka. Maabara hupima uzito ndani ya maji: kipande kinaning'inizwa kwa uzi wa kuvulia samaki chini ya mizani, kikiwa kimezama. Nyama yake inakaribia uzito wa maji na haihesabiki sana, ila mifupa inahesabika. Kila gramu 1 inayoongezeka kwenye mizani ya namna hiyo ni gramu 1 na nusu ya jiwe jipya, mradi joto na chumvi ya maji ya kupimia visibadilike kati ya kipimo kimoja na kingine.