Rodney, Reli ya Kati na Mzigo wa Buha

Katika madarasa yetu ya itikadi, kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kilichotolewa mwaka 1972, hunukuliwa kwa jambo moja: kwamba reli na barabara za wakoloni zilitoka kwenye malighafi zikaelekea baharini, wala hazikujengwa ili Waafrika wabadilishane mali wao kwa wao. Hoja hiyo ni sahihi. Lakini makada wameirudia mpaka imekuwa kama sala, na mtu akiipeleka Titye, wilayani Kasulu, ataona kuwa haijamaliza kazi.

Tuitazame Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilipita Uvinza, kusini, na nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zikaachwa kando. Shabaha ilikuwa biashara ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1921 Waingereza nao wakawapa Wabelgiji haki ya kupitishia mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam.

Je, Buha yenyewe ilisafirisha nini? Ilisafirisha watu. Ilifanywa akiba ya nguvukazi, na vijana wa Kiha walipakiwa mabehewani kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Hao ndio manamba.

Hapa ndipo penye kiini. Gunia la kahawa halitembei. Hudai barabara ya kulifikisha stesheni. Manamba aliweza kujipeleka mwenyewe kwa miguu, chakula chake mgongoni. Bepari wa mkonge alikuwa na sababu gani ya kugharimia barabara ya Kasulu, ilhali bidhaa aliyoitaka ilikuwa na miguu? Tena barabara nzuri ingemwezesha kijana kuuza maharage yake, akalipa kodi bila kuhama kwao. Ubovu wa njia ulimfaa mwenye shamba.

Rodney aliandika pia juu ya vibarua wahamaji, kwa hiyo si haki kumlaumu. Wa kulaumiwa ni sisi tunaoshika ramani yake tukawaacha vibarua wake. Anayesoma ramani peke yake atadhani dawa ni kuchora mistari mingine. TAZARA, kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo inaishia bandarini, na ilibeba shaba ya Zambia vilevile. Hata hivyo hakuna mjamaa aliyeiita reli ya kibeberu, maana iliikomboa Zambia na njia zilizoshikwa na walowezi wa kusini. Mwelekeo wa reli hautoshi kuihukumu. Lazima tuulize mzigo ni wa nani.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Miaka ya 2020 lami imekuwa ikijengwa katika barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, nasi tuliifurahia kwa haki, maana mama mjamzito hawezi kungoja masika yaishe. Lakini lori linalofika kijijini upesi huja pia na mizani ya mwenye lori, bei yake na lumbesa yake. Kada anayekwenda Titye na kitabu cha Rodney mkononi aanze kwa kuuliza ghala ni la nani, na gunia la maharage hupimwa na nani kabla ya kupakiwa.