Fonti ya Tannenberg: Umbo, Matumizi na Maana
Tannenberg ni fonti nzito ya Kigothiki iliyosanifiwa na Erich Meyer nchini Ujerumani kati ya mwaka 1933 na 1935. Mistari yake iliyonyooka na pembe zake kali huifanya ifae mabango na vibao vya vituo vya treni kuliko aya ndefu. Ni rahisi kuiona kuwa sura ya Unazi. Hata hivyo, Januari 1941 utawala huohuo ulipiga marufuku herufi za Kigothiki kwa madai kuwa ni za Kiyahudi. Kwa hiyo, umbo pekee halitoshi kuihukumu. Kilichoibebesha siasa ni matumizi yake, pamoja na jina linalokumbusha ushindi wa Wajerumani dhidi ya Warusi mwaka 1914. Msanifu anayeitumia leo hana budi kuuzingatia muktadha huo.