Pasi, Pasipoti na Hati ya Kusafiria

Katika dirisha la wakala mmoja wa tiketi za mabasi huko Mabibo, Dar es Salaam, tumesoma tangazo kwa wasafiri wa Nairobi: "Kila abiria awe na hati ya kusafiria." Kiswahili chake ni safi, ila hakimwambii abiria achukue nini. Mwenye kitambulisho cha taifa aweza kudhani kuwa kinatosha, hasa akisikia kwamba mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao wavuke mipaka yao kwa vitambulisho. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Maana ya neno ataijua Namanga, nauli ikiwa imekwisha lipwa.

Wakala hatumlaumu. Sisi wafasiri ndio tuliozoea kuandika "hati ya kusafiria" mahali pa "pasipoti", kwa kulionea haya neno la mkopo. Hali "hati ya kusafiria" ni jina la jumla: pasipoti imo, na hati ya dharura ya safari imo pia. Hata sheria yetu ya mwaka 2002 huvitaja viwili hivyo mbalimbali. "Pasi" nayo imelemewa, kwani ni ya nguo, ni ya mpira, na mwanafunzi naye hupasi mtihani. (Wazee wangali wakiitumia kwa pasipoti, na huelewana.)

Twapendekeza "pasipoti" iwe ya kile kijitabu tu, na "hati ya kusafiria" iachiwe jamii nzima ya hati hizo. Hapo tangazo la Mabibo lingesomeka: "Kila abiria awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kitambulisho cha taifa hakitoshi."