Binzari Kwenye Barafu

Aiskrimu ya binzari nyembamba na pilipili manga huwafanya wengi wakunje uso kabla hawajaionja. Mla ubuyu wa Unguja hana sababu ya kushangaa: ubuyu ule hupikwa kwa sukari, iliki na pilipili manga, na watoto huugombania. Embe bichi nalo huuzwa barabarani likiwa limenyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga. Ulimi wetu uliuzoea zamani utamu unaochokozwa. Kazi iko kwenye ufundi, kwa sababu viungo vinataka moto ndipo vitoe harufu, na aiskrimu haiwi aiskrimu bila baridi. Anayeitengeneza nyumbani Tunduma, mkoani Songwe, bila mashine, anahangaika na mgongano huo tangu sufuria ya kwanza.

Tuanze na maziwa. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87, na maji hayo ndiyo yanayoganda na kuwa chenga zinazokwaruza ulimi. Viwanda huongeza krimu. Jikoni kwetu njia nyepesi ni ile ya wapishi wa kulfi, aiskrimu ya Kihindi: lita 2 zinachemshwa kwenye sufuria pana mpaka ibaki 1. Mafuta na protini ni vilevile, maji ndiyo yamepungua, na maziwa yanapata uzito wake bila kuongezewa kitu. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo maziwa huchemka kwenye nyuzi kama 95 na hufurika mapema kuliko Dar es Salaam. Moto uwe mdogo, na mwiko usitoke sufuriani.

Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kutia viungo mwanzoni kama wanapika pilau. Harufu ya binzari na ya iliki hupaa na mvuke; saa nzima ya kuchemsha itainukisha nyumba na kuyaacha maziwa matupu. Viungo viingie sufuria ikishaepuliwa. Binzari ikaangwe kavu mpaka inukie, itwangwe nusunusu na pilipili manga na punje chache za iliki, itumbukizwe, sufuria ifunikwe dakika 20, kisha maziwa yachujwe. Ukali wa pilipili manga hauyeyuki vizuri kwenye maji, ila kwenye mafuta huyeyuka. Ndiyo maana maziwa mazito yaliyo bado moto huubeba barabara. Kuchuja nako si hiari: unga ukibaki, ladha inazidi kuwa chungu kadiri siku zinavyokwenda.

Vipimo vina hila yake. Baridi huzuia harufu kupaa na hupunguza utamu ulimini, kwa hiyo maziwa yaliyo sawa yakiwa moto yatapooza yakiganda. Sukari na binzari vizidi kidogo. Pilipili manga isizidi. Kipokezi cha mwili kinachohisi ukali wa pilipili ndicho hichohicho kinachohisi joto; mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel. Aiskrimu ikiwa mdomoni, baridi hukituliza. Ukishameza na mdomo ukapata joto, ukali unapanda. Mlaji anapata utamu kwanza, halafu binzari, mwisho pilipili, na kwa maoni yangu mfuatano huo ndio unaoistahilisha aiskrimu hii. Kwa lita moja iliyopungua, gramu 150 za sukari, kijiko cha chai cha binzari, nusu kijiko cha pilipili manga na robo kijiko cha chumvi ni mwanzo mzuri.

Mchanganyiko sasa upozwe, na hapa hatuwezi kumpita Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga, aliweka kwenye friza mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa bado moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu hakumsadiki. Miaka 6 baadaye yeye na Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, walichapisha majaribio yao, na mabishano hayajaisha: mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Kwa shughuli yetu, hata kama Mpemba alikuwa sahihi, haraka haina faida. Mchanganyiko ukilala usiku kucha kwenye friji, mafuta yanaganda na protini zinanywa maji. Kesho yake unashika hewa vizuri zaidi.

Asiye na mashine atumie ndoo, barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, uzani wa barafu mara 3 ya chumvi. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na kila kilo inayoyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto kutoka kwenye kilichomo katikati. Mchanganyiko huo wa barafu na chumvi unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Katikati ya ndoo iwekwe sufuria ya alumini, kwani plastiki huchelewesha baridi. Kila baada ya dakika chache kwangua kinachoganda ukutani na ukirudishe katikati kwa kukipiga, ili chenga zisipate nafasi ya kukua. Maji ya chumvi yakipenya sufuriani, kazi imekwisha.

Karafuu nisingeiweka. Mafuta yake hutia ganzi, na ulimi uliokwisha kufa ganzi kwa baridi hautaisikia binzari. Ufuta, unaolimwa mkoani Songwe, ukikaangwa na kunyunyizwa juu wakati wa kula, unafaa kuliko kiungo chochote cha kuongeza ndani. Na kwa kuwa aiskrimu hii haina dawa za kiwandani za kuzuia chenga zisikue, iliwe ndani ya siku mbili tatu. Ikiyeyuka, irudishwe kwenye ndoo ikapigwe upya.